Kupandikiza Nywele: Hukumu Yake, na Niliyopitia Mimi



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Katika darsa ya Jumamosi baada ya Maghrib, ndugu mmoja wa mwaka wa pili aliuliza kama inajuzu Muislamu kupandikiza nywele. Yalitoka majibu mawili, tena kwa sauti kubwa. Wa kwanza alisema ni haramu kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuunganisha nywele. Wa pili akasema hapana ubaya wowote, siku hizi watu wanapanda ndege kwenda Istanbul na kurudi na vichwa vipya. Jibu la kwanza lina hadithi lakini halikuitazama hadithi yenyewe inazungumzia nini. Jibu la pili halina dalili kabisa, maana wingi wa wanaofanya jambo haujawahi kuwa dalili. Wahariri wakaniomba niandike, kwa sababu wengi hapa chuoni wanajua kwamba mimi mwenyewe nimefanyiwa.

Nieleze hali yangu kwa ufupi, kwa kuwa hukumu hufuata hali ya mtu. Nikiwa na miaka sita, nyumbani kwetu Buyenzi, sufuria ya uji wa futari ilinimwagikia upande wa kulia wa kichwa. Nilipona, alhamdulillah, lakini likabaki kovu la urefu wa sentimita nane na upana wa sentimita tano hivi, kutoka juu ya sikio kuelekea utosini, halioti hata unywele mmoja. Buyenzi mtu huweza kuishi na kovu la namna hiyo bila shida, kwani kofia iko kichwani tangu alfajiri na hakuna anayeuliza. Chuoni ni tofauti. Kwenye chumba cha mtihani msimamizi anataka kofia ivuliwe, na kila muhula ni watu wapya wa kukukodolea macho. Mama yangu naye, miaka yote hiyo, alikuwa akininyoa mwenyewe ili kinyozi asilione, na hakuwahi kulitaja kwa neno.

Dalili zinasemaje

Wanaokataza hutegemea hadithi mbili. Ya kwanza ni ya Asmaa bint Abi Bakr (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mwanamke alimjia Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba binti yake ameugua, nywele zake zimenyonyoka, na ndoa yake imekaribia, je, amuunganishie nywele? Mtume (S.A.W.) alimkatalia na kutaja laana kwa mwenye kuunganisha na mwenye kuunganishiwa. Ya pili ni ya Ibn Mas'ud (R.A.), inayotaja laana kwa wenye kuchanja ngozi, wenye kunyonyoa nyusi na wenye kutenganisha meno kwa ajili ya kujipamba, wakigeuza aliyoyaumba Allah.

Hadithi ya Asmaa ni nzito na haifai kupitwa haraka. Yule binti hakuwa anatafuta mapambo ya ziada. Alikuwa mgonjwa, aibu yake ilikuwa ya kweli, na bado alikatazwa. Kwa hiyo haitoshi mtu kusema, "Mimi nina shida, basi naruhusiwa." Ni lazima tuulize ni kitu gani hasa kilichokatazwa. Kilichokuwa kikifanyika zama zile ni kuchukua nywele zilizokatwa, za mtu mwingine, na kuzifunga kwenye nywele za mwenye upungufu ili aonekane anazo. Mu'awiya (R.A.) alisimama juu ya mimbari ya Madina ameshika shada la nywele mkononi, akabainisha kwamba Mtume (S.A.W.) alikiita kitendo hicho uongo. Hapo ndipo penye sababu: anaonyesha kisichokuwepo.

Kupandikiza ni jambo la namna nyingine. Daktari anachukua mzizi ulio hai kutoka kisogoni kwa mtu yule yule na kuuhamishia mahali palipo tupu. Mzizi ukishika, unapata damu, unaota, unanyolewa na kuota tena mpaka mwisho wa umri. Hakuna kilichoongezwa kutoka nje. Hukumu yake inafanana zaidi na kuhamisha ngozi ya paja ili kufunika jeraha la moto, na sijasikia anayesema kuhamisha ngozi ni kuunganisha.

Dalili ninayoiona kuwa na nguvu zaidi kwa upande wa kuruhusu ni ya Arfaja bin As'ad (R.A.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Akatengenezewa pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, ndipo Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atumie pua ya dhahabu. Tazama vizuri: dhahabu ni haramu kwa mwanamume, na mtu anaweza kuishi bila pua. Pamoja na hayo, kuondoa kasoro iliyompata kulitosha kumhalalishia kilichokuwa haramu. Sasa vipi kuhusu mizizi ya nywele zake mwenyewe, ambayo asili yake ni halali?

Wengine hutaja kisa cha watu watatu wa Bani Israil, mwenye ukoma, mwenye upara na kipofu, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Malaika alimpangusa mwenye upara akaota nywele nzuri. Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin (Allah amrehemu) alikitaja kisa hiki aliporuhusu kupandikiza nywele kwa mwenye upara, akisema ni kurudisha alichokiumba Allah na kuondoa aibu, wala si kuzidisha uzuri juu ya umbile. Mwenzangu mmoja alinipinga: yule mtu aliponywa kwa muujiza, kisha akaishia kukufuru neema, basi vipi awe mfano? Pingamizi lake lina uzito. Mimi nakichukua kisa hiki kuwa kinaonyesha tu kwamba kuchukia upara na kutamani nywele si kosa lenyewe, kwani lililomwangamiza yule ni kumnyima masikini. Kwa hukumu yenyewe natosheka na Arfaja.

Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, na azimio lake namba 173 lilihusu upasuaji wa kurekebisha umbo. Liliruhusu kurekebisha kasoro zilizompata mtu kwa kuungua, ajali au maradhi, na miongoni mwa mifano liliyotaja ni kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke. Upasuaji wa kubadilisha umbile lililo sawa kwa kufuata matamanio na kuigiza wengine, lililikataza.

Kuna ndugu aliniuliza kama sehemu iliyotolewa mwilini inakuwa najisi ikirudishwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kilichotengana na kiumbe hai kina hukumu ya maiti yake, na maiti ya mwanadamu ni tohara. Basi kipande chake pia ni tohara.

Kovu langu halina utata katika haya yote. Penye utata ni pengine. Mtu mwenye paji pana la kuzaliwa, ambaye hana ugonjwa wala ajali, akitaka mstari wa nywele ushushwe ili afanane na mchezaji fulani, huyo yuko karibu zaidi na hadithi ya Ibn Mas'ud kuliko ya Arfaja. Upara wa kawaida wa wanaume uko katikati: wapo wanaouona ni umbile la kawaida la umri, na wapo wanaouona ni kasoro inayofaa kuondolewa. Kwa kijana wa miaka ishirini na tatu ambaye kichwa kimeanza kubaki wazi naelekea kuuona ni kasoro, ila kitabibu nina neno naye hapa chini. Nywele za mtu mwingine hazimo katika mjadala wowote: mwili huzikataa, na sheria pia.

Upasuaji wenyewe

Elimu hii ina historia fupi. Mwaka 1939 daktari wa ngozi wa Japani aitwaye Okuda alieleza jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwenda kwenye makovu, lakini maandishi yake ya Kijapani hayakujulikana ulaya wala Marekani wakati ule wa vita. Mwaka 1952 Norman Orentreich wa New York alifanya hivyo kwa mwenye upara wa kawaida, na mwaka 1959 akachapisha jambo ambalo bado ndio msingi wa kazi yote: unywele ukihamishwa hubaki na tabia ya mahali ulipotoka. Upara wa kurithi husababishwa na homoni inayodhoofisha mizizi ya mbele na ya utosini, lakini mizizi ya kisogoni huistahimili. Ukiipeleka mbele, inaendelea kustahimili huko huko.

Kwa hiyo kichwa kina akiba moja tu, kisogo, na akiba hiyo haizaliani. Kinachotolewa hakirudi pale kilipotoka. Ndiyo maana madaktari waaminifu wanasita kumpasua kijana mdogo ambaye nywele zake bado zinaendelea kuanguka. Wakipanda mbele leo na zilizo nyuma yake zikaanguka baada ya miaka mitano, anabaki na kisiwa cha nywele mbele na uwanja mtupu katikati, na akiba imeshatumika. Ndugu yangu wa miaka ishirini na tatu, kwako daktari wa ngozi huenda akaanza na dawa, ya kupaka au ya kumeza, na kukuangalia kwa muda. Dawa hizo hufanya kazi ukiendelea nazo tu, na ile ya kumeza ina madhara yake ya kuulizia.

Kwetu sisi wenye nywele za kipilipili kuna mambo mawili zaidi. Unywele wetu haujikunji juu tu, mzizi wake pia umepinda ndani ya ngozi. Chombo kinachong'oa mizizi kimoja kimoja ni kama kijibomba chenye ncha kali cha upana wa milimita moja hivi, na kikishuka moja kwa moja huukata mzizi uliopinda. Daktari asiyezoea nywele zetu anaweza kuharibu mizizi mingi kabla ya kupanda hata mmoja. Njia ya pili ni kukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, kuushona, kisha kuutenganisha mizizi chini ya darubini. Mizizi husalimika zaidi lakini linabaki kovu la mstari. Na hapo linaingia jambo la pili: wengi wetu makovu yetu huvimba na kukua, na wengi wana vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyoletwa na kunyolewa chini sana. Mwenye mojawapo amwonyeshe daktari kwanza. Swali la kwanza nililouliza kliniki, kabla ya bei, ni vichwa vingapi vya Waafrika daktari huyo ameshavifanya, na nikaomba kuona picha zao za baada ya mwaka mmoja.

Nilikwenda Nairobi. Hesabu ya safari, makazi, vipimo na upasuaji ilizidi ada yangu ya miaka miwili. Baba mdogo aliyeko Muscat alitoa nusu, nusu nyingine niliikusanya kwa kufundisha wanafunzi wa sekondari kwa muda wa miaka mitatu. Kuna kliniki zinazotoa mkopo wa kulipa kidogo kidogo na riba ndani yake. Huo hauwezi kuhalalishwa na jambo ambalo lenyewe ni mubaha tu. Na kama ada ya mdogo wako inasubiri, kichwa chako kinaweza kusubiri pia. Mimi nilisubiri mwaka mzima mpaka dada yangu alipomaliza.

Kovu lina damu kidogo kuliko ngozi nzima, hivyo mizizi mingi inaweza kufa. Daktari alinieleza njia nyingine mbili: kulikata kovu lote na kuvuta ngozi pande mbili, au kuweka kijipira chini ya ngozi yenye nywele na kukijaza maji kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ili ngozi itanuke, kisha kuivutia juu ya kovu. Ya kwanza haikufaa kwa upana wa kovu langu, ya pili ingenizuia kusoma muhula mzima. Tukakubaliana majaribio. Alipanda mizizi 60 tu katikati ya kovu, nikarudi Bujumbura. Baada ya miezi saba tukahesabu iliyoota: 41. Hapo ndipo akakubali kufanya iliyobaki, 850, kwa nafasi nafasi ili kila mmoja upate damu yake.

Kazi ilichukua saa saba. Sindano za ganzi zinauma, zingine zote ni kukaa tu. Nilikuwa nimeomba mapema nipewe nafasi ya kuswali Adhuhuri na Alasiri, na nilipewa bila maneno. Jambo hili lipange kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ukishalala pale umefunikwa, si wakati wa kuanza kujadiliana.

Udhu, janaba na sijda

Hapa ndipo nilipopata maswali mengi, na karibu hakuna aliyeyaandika kwa Kiswahili.

Udhu ni mwepesi. Kwa madhehebu ya Shafi inatosha kupaka maji sehemu yoyote ya kichwa, hata iwe ndogo, nami nilipaka upande wa kushoto ambao haukuguswa. Mwenye kufuata Imamu Malik, ambaye kwake kichwa chote hupakwa, atapaka palipo pazima na kupitisha mkono juu ya bandeji ikiwepo.

Janaba ndiyo nzito. Kwa siku za mwanzo maji ya kumwagika hayatakiwi kugusa mizizi, na usiku wa tatu nilipata janaba ya kuota. Nilikumbuka hadithi ya Jabir (R.A.) iliyopokewa na Abu Daud: mtu alipigwa jiwe kichwani safarini, akaota usiku, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali kwa kutouliza wasilolijua. Maulamaa wa hadithi wamezungumzia udhaifu wa nyongeza ya mwisho inayofafanua namna ya kufanya, lakini mafaqihi wa Kishafi wameshika utaratibu huu: aoshe palipo pazima, na atayamamu kwa ajili ya palipo na jeraha; kama pana bandeji, aipake maji pia. Nilioga kuanzia shingoni kwenda chini, nikapangusa upande mzima wa kichwa kwa kitambaa chenye maji ya kutosha, kisha nikatayamamu. Mwenye kuoa na mkewe wajipange kwa siku hizo.

Sijda ilinisumbua moyo zaidi. Daktari alinikataza kuinamisha kichwa chini kwa siku saba, kwa sababu damu ikishuka kichwani mizizi inaweza kutoka na uso kuvimba. Niliuliza kwa kurudia: ni katazo la tahadhari tu au la madhara ya kweli? Alisema siku tano za mwanzo ni la madhara ya kweli. Basi siku tano niliswali kwa kusimama, rukuu nikainama kidogo, na sijda kwa ishara nikiwa nimekaa, nikiifanya iwe chini kuliko rukuu. Msingi wake ni maelekezo ya Mtume (S.A.W.) kwa Imran bin Husayn (R.A.): kusimama, asiyeweza akae, asiyeweza alale ubavu. Siku ya sita nikarudi kwenye sijda taratibu. Je, inafaa mtu ajiletee udhuru kwa jambo asilolazimika nalo? Ustadhi wangu alisema kama upasuaji wenyewe ni halali, ruhusa zinazoufuata ni halali pia, ila mtu asiupange Ramadhani akajikosesha saumu kwa vidonge vya mchana, wala karibu na safari ya Umra. Nilipanga mwezi wa Shawwal. Ijumaa niliswali Msikiti wa Jamia juu ya kiti, kijana mwenye nguvu katikati ya wazee wenye magoti mabovu. Mzee wa pembeni yangu aliniombea shifaa bila kuuliza ninaumwa nini.

Kofia ya kubana hairuhusiwi kwa siku kumi. Wiki ya tatu nywele zote zilizopandwa huanguka. Hili niliambiwa, na bado nilipoziona kwenye mto usingizi ulipaa. Mizizi inabaki ndani imepumzika, huanza kuchomoza mwezi wa nne hivi, na matokeo hayahukumiwi kabla ya miezi kumi na miwili.

Dada zetu

Wengi wao tatizo ni nywele za pembeni mwa paji kunyonyoka kwa misuko ya kubana. Ikigunduliwa mapema, kuacha kusuka kwa kubana kunatosha na nywele hurudi. Ikikaa miaka, mizizi hufa na kupandikiza kunaweza kufaa. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaoanzia utosini kwa muwasho na maumivu na kuacha kovu. Huo ukipandwa ungali hai, mizizi mipya huliwa kama ya zamani, kwa hiyo lazima utibiwe kwanza. Tafuteni daktari mwanamke, na ulizeni pia wasaidizi ni nani, kwa sababu kazi kubwa ya saa zile saba ni ya wasaidizi. Rasta na wigi za nywele za watu hazitoki katika hadithi ya Asmaa.

Kuposa

Je, mwenye kupandikiza amweleze anayemposa? Kwa mtazamo wangu aseme, hasa aliye na upara wa kurithi, kwa sababu nywele za asili zitaendelea kuanguka pembeni mwa zilizopandwa na mke ataona. Mimi kovu langu sasa limefunikwa kiasi cha kutoonekana kwa haraka, ingawa nikilowa mvua linachungulia. Nilipoposa mwaka huu nilieleza yote mbele ya kaka yake binti, nikavua kofia. Alitazama kwa muda, akaguna, kisha akauliza bei.

Wallaahu a'lam.